Unga Usiotiwa Dawa

Mimi Zipora nina mdomo, kijiji kizima cha Chome kinajua. Kwa hiyo Careen, mke wa mwanangu Wilbard, aliponipigia simu kutoka Hedaru kwamba mtoto ametimiza miezi sita na anataka kumwanzishia uji wa oganiki, nilimcheka mpaka nikakohoa.

"Oganiki ndiyo nini?"

"Usiotiwa dawa, mama. Mahindi hayapigwi dawa shambani wala ghalani. Kuna pakiti dukani, kilo moja elfu kumi na mbili."

"Weee! Mwanangu anaziba pancha juani kutwa nzima, wewe unanunua uji wa elfu kumi na mbili? Kwani mimi huku mlimani nalima nini? Tangu nizaliwe sijanunua dawa ya mahindi. Hiyo oganiki yenu ndiyo ninayokula kila siku!"

Pakiti moja alikuwa ameshanunua. Nikamwambia aichanganye na unga nitakaomtumia, imfikishe mbali. Akashukuru, maskini.

Sasa mwaka ule mvua iliyakuta mahindi yetu bado yako shambani. Nikayavuna yamelowa, nikayapandisha darini juu ya jiko, lakini kuni nazo zilikuwa mbichi, moshi tele, moto hakuna. Nilipoyashusha, mengine yalikuwa na ukungu wa kijani. Yaliyooza kabisa nikawatupia kuku. Yaliyobaki nikayaosha, nikayaanika, nikatafuna punje moja. Chungu kidogo. Ningefanyaje, na nilikuwa nimeshajitapa? Nipige simu niseme Zipora hana mahindi? Nikayasaga pamoja na karanga, nikampa dereva wa gari linaloshuka Hedaru.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Jumamosi nikakuta kuku wangu watatu wamekufa. Jirani yangu Ernesta akasema ni kideri. Nikaitikia, ndiyo, kideri. Lakini nilikumbuka yale mahindi niliyowatupia. Nikashika simu, nikaiweka. Nikaishika tena, nikaiweka. Kule chini mtoto alikuwa ananyweshwa ule uji mara tatu kwa siku.

Jumamosi iliyofuata Wilbard akapiga simu. Eliufoo, mjukuu wangu aliyepewa jina la marehemu mume wangu, alikuwa anatapika, na macho yamegeuka njano. Nikashuka siku hiyo hiyo, nikawakuta hospitali. Daktari aliuliza mtoto anakula nini. Akasema inaweza kuwa sumukuvu, sumu inayoletwa na ukungu kwenye nafaka, na kwamba hata uuchemshe uji namna gani, haitoki.

Careen akatoa ile pakiti kwenye mkoba. "Ni huu, daktari. Mimi ndiye niliyeununua."

Unga wangu hakuutaja. Hata haukumjia akilini, jinsi alivyouamini. Nami nilikuwa nimesimama pale pale, na huu mdomo wangu wote, nikanyamaza.

Eliufoo alifariki siku ya tatu. Tulimzika hapa nyumbani, kando ya babu yake. Watu walipotawanyika, Careen alinishika miguu. "Mama, ulinikataza. Tamaa yangu ya vya dukani imeniulia mtoto." Wilbard alimsikia, akageuza uso. Mpaka leo anaongea naye kwa shida. Mimi nikamwinua mkwe wangu, nikamwambia ni mapenzi ya Mungu. Ndiyo, na Mungu naye nikamsingizia.

Mwaka na nusu umepita. Jana Careen alipanda Chome, ana mimba ya miezi minane. Akanisalimu shikamoo, akaketi jikoni, nikampa chai. Nilikuwa napukuchua mahindi. Akayatazama, akasema, "Mama, huyu sitamnunulia chochote dukani. Nimeapa. Utanipa unga wako mtupu."

Nikaacha kupukuchua. Nilitaka kusema sawa, mwanangu. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikamtazama lile tumbo, nikashindwa.

Nikamwambia yote: mvua, ukungu, punje chungu. Nikamwambia na habari ya kuku. Hakulia. Aliweka kikombe chini taratibu, kana kwamba mtoto amelala chumba cha pili.

"Kuku walikufa lini, mama?"

Hapo bado ningeweza kudanganya.

"Kabla hajaumwa," nikasema. "Wiki nzima kabla."