Mashine ya Mke, Boti ya Mume

Ndoa ilipovunjika waligawana kama watu wanavyogawana kuku: mmoja mwili, mwingine miguu. Nahodha akapewa boti. Mkewe, ambaye pale bwawani wote walimwita Bi Spana kwa kuwa spana haikutoka mfukoni mwa gauni lake, akapewa mashine ya kuisukuma boti hiyo. Mgawaji alikuwa wifi mtu, dada mkubwa wa Nahodha, mwenye kibanda cha chai pale gatini. Aligawa sebuleni kwake mbele ya nyumba iliyojaa hadi mlangoni, maana talaka haina kadi ya mwaliko.

"Boti kaka alikuwa nayo kabla hajaoa," wifi mtu alisema. "Mashine huyu bibi alikuja nayo kutoka kwao. Kila mtu abebe chake. Kuna mwenye neno?"

Hakuna aliyekuwa na neno. Waliokuwa na maneno waliyaweka ya kwenda kusemea njiani.

Ila boti bila mashine ni beseni la kuogeshea bata, na mashine bila boti ni chuma cha kujikwaa usiku. Kwa hiyo kila alfajiri watalaka wale walikutana gatini kama watumishi wa ofisi moja. Bi Spana alikuja na mashine kwenye toroli, kaifunika blanketi kama mgonjwa. Nahodha alikuja na fimbo za kuvulia, makasia, na uso aliouvaa makusudi kwa ajili yake. Wakaingia majini, wakakaa wamepeana migongo, wakawinda besi, yule samaki wa bwawani mwenye mdomo mpana kama mfuko wa sokoni, anayependwa na mahoteli.

Na kazi walikuwa wanaijua, hilo hata adui yao hakulikana. Besi ni samaki wa masikio. Bi Spana alizima mashine mbali na matete, Nahodha akashika kasia, boti ikateleza yenyewe bila hata kopo kugonga sakafu. Nahodha alirusha chambo cha bandia kikapita kisiki kilichozama, akakiacha kizame kwanza, ndipo akakivuta polepole kama mtu anayemtoa mtoto usingizini. Hapo ungesema wanapendana. Kisha mmoja angefungua mdomo.

"Mshipi wako umechubuka pale mwishoni."

"Nimeuona."

"Kata ufunge upya. Na fundo ulilowanishe mate kabla hujalikaza, mshipi ukikazwa mkavu unaungua."

"Bibi wee, tumeachana. Fundo langu haliko tena chini ya serikali yako."

Samaki aliuma, mshipi ukakatika palepale fundoni. Bi Spana akatazama mawingu.

Wakirudi nchi kavu yeye alikuwa wa mwisho kuondoka. Aliisimamisha mashine kwenye pipa la maji safi, akaiwasha iteme tope. Akachomoa pangaboi kutoa vipande vya mshipi vilivyojisokota nyuma yake, maana uzi mdogo tu hula sili, ule mpira wa kuzuia maji, na sili ikiliwa maji huingia kwenye gia. Akachungulia oili ya gia: ikiwa nyeusi, salama, ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, balaa. Nahodha yeye alifunga boti kwenye nguzo na maji ya mvua yakiwa yametuama nyuma, akaenda zake kunywa chai.

"Igeuze boti, iache ipumue!" Bi Spana alimpigia kelele.

"Boti yangu imepumua tangu siku uliyohama!"

Kibanda kizima kikacheka, wifi mtu akamwongezea kaka yake sukari.

Basi siku moja, akikaza vibano vya mashine kwenye ubao wa nyuma, Bi Spana aliona kibano kinakwenda tu, kinakwenda, hakifiki. Akachukua bisibisi, akausukuma ule ubao kidogo. Bisibisi ikazama kama inaingia kwenye papai.

"Huu ubao umeoza."

"Umelowa," Nahodha akasema.

"Uliolowa hukauka. Huu ukikauka utakuwa unga. Mashine yote inaning'inia hapa. Siku ukivuta mafuta kwa nguvu huku unakata kona, utavunjika, na mashine itazama upande wa kushoto, huku kulikooza zaidi."

"Na mnyororo wa usalama tumeufunga wa nini?"

"Umeufunga wapi?"

Nahodha akatazama. Mnyororo ulikuwa umepigwa skrubu kwenye ubao uleule.

"Huo si mnyororo," Bi Spana akasema. "Huo ni mkufu."

Walioketi kwa wifi mtu walisikia kila neno, kwa sababu pale gatini sikio ndiyo redio.

Nahodha hakukata ubao. Alinunua rangi. Yalikuwa yamekaribia mashindano ya kila mwaka, watu wa mjini wanapokuja na spika zao na kofia zao, na mwenye besi mzito kuliko wote anapigwa picha. Nahodha alikuwa ameoa tena, binti mmoja mzuri waliyembandika jina la Kipusa, na alikuwa amemwahidi kumketisha mbele ya boti siku hiyo watu wote wamwone. Akaipaka boti bluu, mikono mitatu, na ubao wa nyuma ukang'aa kuliko mbao nyingine zote.

"Mwone kaka yangu alivyoiremba," wifi mtu alisema.

"Hata maiti hurembwa," Bi Spana akajibu, akageuza toroli. "Mashine yangu haitundikwi pale."

Na hakuwa anaringa. Ng'ambo ya bwawa kulikuwa na dada watatu wachuuzi wa samaki waliopata boti nzima, nzuri, isiyo na mashine. Walikuwa wamekubaliana naye: mashindano yakiisha, anahamia kwao, wanakuwa wanne. Walimngoja yeye na mashine yake. Na tuseme ukweli, zaidi walingoja mashine. Bila mashine, kilichobaki ni nyumbani kwa kaka yake, kukaa jikoni kwa mke wa kaka, kuulizwa kila asubuhi kama amelala vizuri kwa sauti ile inayomaanisha unaondoka lini.

Jioni ya kuamkia mashindano, chumba chake cha kupanga kilijaa. Wifi mtu kwenye kiti, shangazi wawili kitandani, majirani mlangoni kwa kisingizio cha kuomba chumvi. Wifi mtu alianza kwa mashambulizi.

"Kumbe mashine ni yako. Na samaki uliowala miaka yote walikuwa wa nani?"

"Nilikula nilichovua, wifi."

"Unamwonea wivu yule binti, sema tu, hatutakucheka."

"Namwonea huruma. Atakaa kwenye boti iliyooza."

Wangekesha hivyo. Lakini nyuma ya wote aliingia mama mkwe, mtu mzima, pumzi zimemwisha kwa ngazi. Huyu ndiye aliyemuuguza Bi Spana mwaka ule mbaya wa homa, akimlisha uji kwa kijiko, na siku ya kugawana ndiye peke yake aliyetoka nje ili asione. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, sijaja kusema una makosa. Mwanangu yule ameshajigamba mbele ya watu, ataaibika. Nisitirie, mpe mashine. Kesho tu."

Wakubwa wanajua pa kukushika. Bi Spana alitazama mashine yake pale pembeni chini ya blanketi, akaona mdomo wake unakubali kabla yake.

"Kesho tu, mama. Lakini kwa masharti, na wote mnasikia. Mnyororo sitaki. Nitaifunga mwenyewe kwa kamba kwenye kiti cha katikati, kule mbao ni nzima. Ubao wa nyuma ukivunjika, kamba itaishika. Kamba hiyo asiifungue mtu. Aende nusu ya mwendo. Asikate kona kali. Akifika kwenye matete azime na ainue pangaboi."

"Amesikia," wifi mtu akasema, "tumesikia, hata chumvi imesikia."

Asubuhi Bi Spana alifunga kamba kwa mikono yake, akavuta mara mbili, akaguna kwa kuridhika. Nahodha alimwambia ahsante bila kumtazama. Kipusa alipanda kwa gauni jeupe, akaketi mbele, watu wakapiga vigelegele.

Bi Spana akabaki gatini. Boti ilipokwenda hatua chache akaona Kipusa anainua pindo: kamba, iliyopita katikati ya boti, ilikuwa mbichi na imemchafua. Akamwona Nahodha anainama. Akaiona kamba inafunguliwa, inaviringishwa vizuri, inawekwa chini ya kiti kama kitu cha kutumia siku nyingine.

"Rudisha kamba!" alipiga kelele. "Nahodha! Kamba!"

Spika za watu wa mjini zilikuwa zinapiga muziki. Nahodha akampungia mkono.

Filimbi ikalia. Boti zote zikakimbilia matete ya upande wa pili, kule kwenye visiki, kila mtu anataka kufika wa kwanza. Nahodha naye akavuta mafuta yote. Ile bluu ikapendeza sana juu ya maji, ikawapita watatu, ikakata kona kumkwepa wa nne. Ubao ukalia kama muwa unaovunjwa gotini. Bi Spana alisikia mashine inazimika kwanza, kisha akaiona inalala kushoto, taratibu, na maji yanafunga juu yake. Alishukuru kwamba imezimika kabla ya kunywa maji. Hilo lilikuwa tumaini, na alilishika kwa meno.

Watu hawakuumia. Boti ilijaa maji nyuma, wenzao wakawaokota, Kipusa akapoteza kiatu. Walipofika gatini Bi Spana alikuwa amekwisha kufungua mdomo awaambie la kufanya, kwa sababu mashine iliyozama kwenye maji yasiyo na chumvi kama yale haifi kwa maji. Inakufa kwa hewa. Ukiitoa, usiiache ikauke. Itie kwenye pipa la maji safi ikae humo mpaka fundi awe na spana mkononi, ndipo zitolewe plagi, maji yamwagwe, oili imiminwe ndani, na iwashwe siku hiyohiyo. Ikikauka bila kufunguliwa, kutu inakula kimyakimya, na kesho yake una jiwe.

"Sikilizeni," alianza, "mkiitoa..."

"Nyamaza!" Wifi mtu alikuja mbio, mwiko wa chai bado mkononi. "Umefurahi sasa? Utavunjika, itazama, utavunjika, itazama! Wiki nzima unaliimba! Maneno huumba, wewe. Umemuumbia kaka yangu!"

"Wifi, mimi nilionya."

"Ulionya mpaka na upande itakaoangukia!"

Watu wakaguna. Ilikuwa kweli. Wale waliosikia onyo lake pale kibandani ndio sasa waliokuwa mashahidi. "Alisema kushoto," mmoja alinong'ona. "Kushoto kabisa." Mwingine akajisogeza pembeni, asije akatajwa.

"Ulichosema kimetimia," wifi mtu akasema. "Tafadhali. Tunakuomba kama binadamu. Usitie neno lingine juu ya ile mashine."

Lilikuwa limebaki neno moja tu. Bi Spana akawatazama: mama mkwe analia, Nahodha amelowa, anatetemeka, hamtazami. Uchungu ukampanda kama nyongo. Vizuri, akajisemea. Mashine ni yangu. Wataitafuta, wakiipata wataniita wenyewe, na wataniita kwa adabu. Akameza lile neno, akachukua toroli lake tupu, akaondoka. Njia nzima gurudumu lililia, yeye hakulia.

Hawakumwita. Alikaa chumbani akisikilizia mlango. Mara kadhaa alivaa viatu, akavivua. Aliomba wachelewe kuipata; chini ya tope ingemngoja bila madhara.

Siku ya tatu aliisikia sauti ya mama mkwe ngazini, inacheka. Inacheka! Akafungua. Mama mkwe na Kipusa walikuwa wamebeba mashine kwa kusaidiana, jasho linawatiririka, na mashine inameta kama imetoka dukani.

"Nahodha mwenyewe amezamia jioni ileile," mama mkwe alisema huku anahema, "mara ngapi sijui, macho mekundu mpaka leo. Akaipata! Na wifi yako, yule yule mwenye mdomo, ameianika juu ya bati la kibanda chake, jua la siku mbili nzima. Hakuna aliyeichezea. Tumekuanikia, mwanangu. Imekauka kabisa."

"Nimeifuta mwenyewe, dada," Kipusa akasema kwa aibu. "Kwa taulo langu. Mpaka kwenye vitundu."

Bi Spana aliwakaribisha. Akawapa maji ya kunywa. Akaipandisha mashine kwenye kigoda chake, akatoa spana, akafungua plagi ya kwanza. Ilitoka kwa shida, ncha yake ina rangi ya tofali. Akaichungulia muda mrefu kuliko inavyohitaji kuchunguliwa. Kisha akaifuta, akairudisha mahali pake, akaikaza, kwa upole, kama anamfunga mtu kifungo.

"Itawaka?" mama mkwe akauliza.

"Ahsante, mama. Mmechoka sana."

"Nimekuuliza itawaka?"

"Mimi nimekatazwa kuisemea." Akajaribu kutabasamu. "Sema wewe. Si maneno huumba?"

Mama mkwe alimtazama, akatazama mashine, kicheko kikamtoka usoni kidogokidogo. Akasimama wima, kama anaapa.

"Itawaka," akasema.

"Itawaka," Kipusa naye akasema, kwa sauti ndogo.

Bi Spana akakanyaga kigoda kwa mguu mmoja, akazungusha kishikio cha kamba ya kuwashia kwenye kiganja, akavuta kwa nguvu zake zote. Kamba haikuja hata inchi.

"Semeni tena," akasema.