Miaka Miwili ya Mashine Kubwa

Mpwa wangu, mhandisi wa kiwanda cha mafuta ya kula, alipopandishwa ghorofani kwenye idara ya mikakati ya biashara, sikumpa hongera haraka. Nimetangatanga sana, nimebeba mizigo, nimepasua mawe, na sijawahi kuona mkubwa akimtoa mtu kwenye grisi akamkalisha kwenye zulia hivihivi tu. Nilimuuliza wanataka nini kwake. Akasema wanataka mtu anayezijua mashine. Machale yalinicheza.

Kikao chake cha kwanza, mkurugenzi alimuuliza, kama mtu anayeulizia saa, ile mashine kubwa ya kukamua mafuta ina miaka mingapi mbele yake. Akajibu miwili. Mkurugenzi akatabasamu, wakaendelea na mengine. Baadaye habari zikashuka kwamba miaka miwili ikiisha hainunuliwi mashine nyingine. Mafuta yatanunuliwa tayari, kiwanda kibaki kufungasha tu. Karakana itafungwa.

Jumapili akaja nyumbani kwetu Kipara, msimamizi wa karakana, ambaye mpwa wangu amekula naye vumbi tangu aajiriwe. Aliniamkia vizuri, akaketi ukingoni mwa kochi. Chai ikaletwa, hakuigusa. Akaitazama tai ya mpwa wangu iliyoning'inia mlangoni.

"Hiyo inakukaba, au umeshaizoea?"

Mpwa wangu akacheka peke yake.

"Miaka miwili umeitoa wapi, bwana mkubwa?"

Mpwa wangu akaeleza kwamba kichwani alikuwa na minne, akakata nusu kama wanavyofanya siku zote, maana mashine ikiharibika ghafla haimuumizi aliyekadiria, inamuumiza aliyesimama karibu. Kipara akajipangusa kichwa. Alikubali kwamba hata angeulizwa yeye angekata nusu vilevile. Kule chini kila mtu anakata, na kila mtu anajua kwamba mwenzake amekata.

"Na mkurugenzi, anajua?" nikauliza.

Wakatazamana. Mtu aliyekaa na mafundi miaka yote ile, asijue vipi?

Mpwa wangu akasema kesho atapanda akaseme minne. Kipara akatikisa kichwa. Akisema minne ataambiwa aweke sahihi. Ataiweka juu ya mashine ambayo hajaifungua? Nilimwangalia mpwa wangu usoni, nikaona haiwezekani. Ilibidi aione ndani, na ili ifunguliwe lazima isimame, na wa kuisimamisha ni Kipara.

Kipara akanigeukia.

"Mzee, wewe ungemwamini? Nimfungulie, akute ufa, apande nao juu. Si nitakuwa nimejichimbia kaburi?"

Nikamwambia kwamba mimi ni mjomba wake wa damu na bado namtilia shaka tangu alipoanza kuvaa vile viatu vyenye ncha. Kipara nusura acheke. Akaimaliza chai ikiwa imeshapoa, akaondoka bila kuahidi kitu.

Asubuhi akaisimamisha. Mpwa wangu alijipenyeza ndani na shati lake jeupe, mafundi wamesimama mikono nyuma, hakuna aliyempa ovaroli. Alijimulikia kwa simu, akapapasa shafti, akapima meno ya gia. Beringi moja ilikuwa imekwisha, ya kubadilisha palepale karakanani. Vingine vyote vizima. Mwishowe Kipara aliinama, akamshikia tochi.

"Minne," akasema Kipara.

"Minne, bila kukata."

Mpwa wangu akapanda hivyohivyo na uchafu wake, akasema minne, na sahihi anaiweka. Mkurugenzi akamsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akasema basi, karakana ibaki kwanza. Halafu, kwa sauti ileile ya kuulizia saa, akataka kujua Kipara naye ana miaka mingapi ya nguvu mbele yake.

Haya alinisimulia jioni, amekaa pale kwenye kochi na viatu vyake miguuni.

"Mjomba, mdomo ulishafunguka. Nilikuwa karibu kukata nusu."

"Ukasemaje?"

"Nikamwambia ashuke akamuulize mwenyewe. Amesema sawa, kesho atashuka."

Hiyo "sawa" sikuipenda, na niliona yeye pia hakuipenda. Nikamuuliza kama Kipara anajua kuna mgeni anakuja kumtazama kesho. Alikuwa ameshabonyeza namba ya Kipara. Simu ilikuwa imeshafika sikioni.