Gurudumu la Nyuma la Marselino

Njia ya kutoka Idete kwenda mashamba ya bondeni hupita mbele ya nyumba ya Balbina, na wakati wa masika huishia hapo. Mbele yake ni maji. Mtu anayekwenda kwenye mpunga wake hushuka kwenye baiskeli, hukunja suruali, hujitwika kiroba cha unga na kuendelea kwa miguu mpaka kwenye dungu lake. Huko hukaa akifukuza ndege na nguruwe mpaka mavuno. Baiskeli hubaki bandani kwa Balbina. Utaratibu huo ulianza mume wake akiwa hai, na haukuwahi kuwa na maneno mengi. Mwenye baiskeli husema, "Naiacha," Balbina hujibu, "Iache." Akitoka na mavuno, humwachia ungo wa mpunga mlangoni.

Mwaka huu, wa kwanza kutoka bondeni alikuwa Marselino. Alifika asubuhi, matope yamemkaukia miguuni, akasalimia, akaingia bandani akiwa anaimba kwa sauti ya chini. Wimbo ukakatika.

"Mama Ester," aliita. "Njoo uone."

Balbina alikwenda. Baiskeli ya Marselino ilikuwa ya mwisho kabisa, imeegemezwa ukutani chini ya turubai. Alipolifunua, sehemu ya nyuma ya fremu ilikuwa imekaa juu ya tofali. Gurudumu halikuwepo.

"Gurudumu langu liko wapi?"

"Sijui, baba. Ndiyo kwanza naona."

Marselino hakupaza sauti. Aligeuka akatazama ubavuni mwa nyumba, ambako Viktor, mdogo wake Balbina, alikuwa amechuchumaa akiziba pancha. Viktor ndiye fundi baiskeli wa pale. Zamani kidogo aliwahi kulazwa mahabusu mjini kwa sababu ya cheni aliyouziwa na mpita njia, nayo ikawa ya wizi. Waliachana naye walipompata mwizi mwenyewe, lakini watu hukumbuka kukamatwa kuliko kuachiwa.

"Hapa nani ana spana?" Marselino aliuliza.

"Spana wanazo wengi."

"Wengi wanazo. Anayelala nazo pembeni ya baiskeli yangu ni mmoja."

"Marselino, hujamuuliza hata."

"Nitamuuliza nini? Niliiacha kwako, mama Ester, sikuiacha barabarani. Jumapili baada ya misa nitakwenda polisi Ifakara, na jina nitakalolitaja unalijua."

Aliondoka kwa miguu mpaka kwenye mashine ya kukoboa mpunga, mahali ambapo kila mtu wa Idete hupita, akalitaja jina hapo hapo bila kuingoja Jumapili.

Kesho yake kijana mmoja alikuja kuichukua baiskeli yake ikiwa haijafungwa pedeli. "Nimepata haraka kidogo, fundi," alisema, akaikokota hivyo hivyo. Baada yake hakuja mteja. Jioni Viktor alizifunga spana zake ndani ya kipande cha mpira wa ndani.

"Dada, acha niende Mang'ula. Kule hawanijui."

"Ulichukua?"

"Hapana."

"Basi kaa. Ukiondoka leo, utakuwa umekubali."

"Nikikaa, Jumatatu nitakuwa ndani."

"Leo si Jumatatu. Kula."

Viktor alikula, lakini spana hakuzifungua.

Balbina alirudi bandani akaketi juu ya kinu kilichogeuzwa. Alikuwa mtu wa kutazama kitu kwanza, maneno baadaye. Aliona kwamba baiskeli nzuri kuliko hiyo zilikuwa karibu na mlango, na hakuna aliyezigusa. Mwizi gani anavuka baiskeli zote hizo kwenda kuinua turubai la ukutani? Halafu lile tofali. Aliyelitoa gurudumu alikuwa ametafuta tofali ili fremu isikae kwenye matope. Cheni nayo haikuning'inia. Ilikuwa imekunjwa vizuri na kufungwa kwenye fremu kwa kitambaa cheupe.

Aligusa kile kitambaa. Kilikuwa kimechanwa kwenye shuka jepesi, la aina waliyochaniwa wafiwa wajifunge kichwani siku ya mazishi ya mama yake Joachim, jirani yake, katikati ya masika.

Siku hiyo Balbina alishinda msibani, nyumba ya pili kutoka kwake, akisonga ugali pamoja na wanawake wengine. Viktor alikuwa makaburini anachimba. Nyumbani hapakuwa na mtu. Na watani walikuwa wamekuja wengi, Wiliam seremala akiwashinda wote kwa vituko.

Alisimama akajifunga khanga vizuri, akaenda kwa Joachim.

Joachim ni mtu wa Mahenge, Mpogoro, na kwenye misiba yake Wangoni hawakosekani, maana ni watani wao. Mtani akifika msibani hufanya yale ambayo mwingine angepigwa kwa kuyafanya. Hujilaza kaburini akidai hatoki mpaka apewe kuku, humwigiza marehemu anavyotembea, huondoka na kitu cha mfiwa. Mfiwa hakasiriki. Humfuata mtani, wakagombezana kidogo, akakikomboa kitu chake, na kwa kicheko hicho watu hurudi kula.

"Shikamoo, kaka Joachim."

"Marahaba, mama Ester. Nimesikia habari za Viktor. Pole."

"Asante. Nina swali la ajabu kidogo. Siku ya mazishi ya mama, watani walichukua nini?"

Joachim alicheka kidogo. "Hawakuacha kitu. Jembe, sufuria kubwa ya wali, kiatu kimoja cha mjomba. Kiatu kimoja, hebu fikiria, mjomba akarudi Mahenge na kandambili. Lakini vyote tulivikomboa baadaye."

"Wiliam alichukua nini?"

"Wiliam wa Lipangalala? Yule aliondoka akisema anacho kitu changu kikubwa, eti nitakwenda kwake kwa magoti. Nikatazama ndani, hakuna kilichopungua. Nikajua ananitania tu. Hata juzi alinipigia simu, akaniambia, kitu chako kina afya njema. Nikamwambia nawe pia."

"Baiskeli yako siku ile ilikuwa wapi?"

"Si ilikuwa kwako, maana hapa palijaa wageni? Ile ya mwisho ukutani." Joachim alishika ukingo wa kofia yake. "Hapana. Niliitoa alfajiri kwenda kumwita katekista."

"Na ulipoitoa, ya mwisho ukutani ikawa ya nani?"

Joachim alivua kofia. Balbina alikuwa ameshageuka kwenda zake.

Jumamosi asubuhi alipanda baiskeli yake akaenda Ifakara. Alimkuta Wiliam nyumbani kwake Lipangalala, kwenye kibanda cha useremala kilicho mbele ya nyumba, akipiga randa ubao wa kitanda. Alipomwona, aliweka randa chini akanyoosha mikono kama anayepokea mgeni wa harusi.

"Hatimaye! Wapogoro wamemtuma mwanamke. Joachim magoti yamemuuma?"

"Habari za hapa, Wiliam."

"Za hapa ni mzigo, mama. Ingia uone ninachokifuga."

Sebuleni, kati ya kalenda ya parokia na picha ya harusi yake, gurudumu lilikuwa limetundikwa ukutani kwa msumari. Lilikuwa limefutwa vumbi. Spoku ziling'aa.

"Tangu masika linakula hapa," Wiliam alisema. "Asubuhi chai, mchana ugali, tena halitaki mboga za majani. Mwambie Joachim kuku mmoja hatoshi sasa. Namtaka jogoo, na yeye mwenyewe aje amembeba begani akiimba."

Balbina aliketi. Alimwacha acheke mpaka kicheko kikaisha chenyewe.

"Wiliam, hili si la Joachim."

"Usinitanie, mama. Wewe si mtani."

"Sitanii. Ni la Marselino. Si mfiwa, hata msibani hakuwepo, alikuwa shambani kwake ndani ya maji. Joachim aliitoa yake alfajiri. Uliichukua iliyobaki ukutani."

"Niliambiwa ya mwisho ukutani."

"Ilikuwa ya mwisho, lakini si yake."

Wiliam alilitazama gurudumu kana kwamba ndilo lililomdanganya. "Basi nitalirudisha. Nitamwambia pole. Kosa la utani halina kesi."

"Marselino amemtaja Viktor, mdogo wangu, mbele ya watu pale mashineni. Kesho anampeleka polisi. Viktor amefunga spana zake, anataka kuhama."

Nje mtu alipita akiuliza kama kitanda kimekwisha. Wiliam aling'oa msumari pamoja na gurudumu.

"Nipe nilibebe mimi," Balbina alisema. "Nitawaeleza."

"Hapana. Nililichukua kwa mikono yangu, nitaeleza kwa mdomo wangu. Ukilipeleka wewe, watasema dada amelitoa alikolificha kaka."

Hilo Balbina hakuwa amelifikiria. Waliondoka pamoja, kila mmoja kwa baiskeli yake, Balbina mbele, Wiliam nyuma na gurudumu mgongoni, limefungwa kwa kamba. Njiani watu walimuuliza kama anakwenda kuwinda kwa gurudumu, naye akazidi kukanyaga pedeli.

Marselino alikuwa uani kwake anaanika mpunga. Joachim alikuwa amekwisha kufika, amesimama pembeni na jogoo kwapani, maana hakujua aje na nini. Wiliam alifungua kamba, akaliweka gurudumu chini taratibu, akaeleza yote tangu turubai mpaka msumari.

Marselino alilishika, akalizungusha, akatafuta alama ya kiraka alichokijua. Kilikuwepo.

"Kwa hiyo mimi nicheke?" aliuliza. "Mimi si mtani wako."

"Ndiyo maana naomba radhi," alisema Wiliam. "Ungekuwa mtani nisingeomba."

"Na huyo jogoo?"

"Nilimleta kukomboa," Joachim alisema.

"Ukomboe gurudumu langu mimi?"

Jogoo alijikung'uta. Mwishowe Marselino alipumua kwa nguvu, akasema, "Basi yamekwisha. Tumshukuru Mungu. Nakwenda kulifunga."

"Bado," Balbina alisema.

"Bado nini, mama Ester? Polisi siendi tena."

"Polisi hujaenda. Mashineni ulikwenda."

Marselino alitazama mpunga wake, akautawanya kwa mguu, akaukusanya tena. "Nitamwambia Viktor pole."

"Mwambie. Lakini kulifunga, mwachie yeye aseme litafungwa wapi."

Viktor aliambiwa. Alizifungua spana kutoka kwenye mpira, akaibeba fremu begani, akatangulia. Hakusimama ubavuni mwa nyumba. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mashine ya kukoboa, akaigeuza baiskeli kichwa chini kwenye kivuli cha paa, mahali foleni ya wenye magunia inapopita.

"Kwani si tungeifunga nyumbani?" Marselino aliuliza.

"Nyumbani lilipotea gurudumu," Viktor alisema. "Hapa lilipotea jina langu. Nishikie fremu, kaka."

Marselino alichuchumaa akashika fremu. Viktor aliliweka gurudumu, akapachika cheni, akalizungusha, akainamisha kichwa kutazama kama ringi inayumba. Ilikuwa imenyooka. Alichukua kifungulio cha spoku, akaigusa spoku moja, akasikiliza.

Wa kwanza kufika alikuwa Febronia, ambaye hupepeta chenga pale mashineni. Alisimama na ungo wake.

"Heh, limepatikana. Viktor alilificha wapi?"

Marselino aliendelea kushika fremu. "Lilikuwa Lipangalala."

"Alimuuzia nani huko?"

Gurudumu lilizunguka. Viktor alikuwa anatazama ringi tu. Marselino alimgeukia Wiliam, aliyekuwa ameketi juu ya gunia, lakini Wiliam alitazama viatu vyake. Akamgeukia Balbina, naye alikuwa anasaidia mtu kufunga mdomo wa kiroba.

"Hakumuuzia mtu," Marselino alisema.

"Kumbe alimpa bure?"

"Viktor hakulichukua, Febronia. Nilisema mimi, na sikuwa najua. Amelichukua yule pale, kwa utani wa msiba wa Joachim, akakosea baiskeli."

Febronia alimtazama Wiliam kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Mngoni, na macho yote hayo," alisema, akaenda zake kuwasimulia waliokuwa ndani.

Wakaja wawili wenye gunia moja, wakauliza. Marselino akaeleza tena, kwa kifupi zaidi. Akaja yule kijana wa pedeli. Akauliza kwa kumnong'oneza Marselino sikioni, na Marselino akamjibu kwa sauti ya kawaida ambayo wote waliisikia. Kijana alijikuna shingo, akasema ataileta baiskeli yake jioni, kama fundi atakuwa na nafasi.

"Tutaona," Viktor alisema, akahamia spoku nyingine.

Miguu ya Marselino ilianza kufa ganzi. Wiliam aliinuka akaja kutazama.

"Fundi, mimi ni seremala, lakini naona ringi imenyooka."

"Bado kidogo."

Jua lilisogea, kivuli kikawaacha, hakuna aliyehama. Mzee mmoja alikuwa anapita ng'ambo ya barabara na jembe begani, haraka zake zikionekana, wala hakutazama upande wao. Marselino alimwona. Alisafisha koo.

"Shikamoo, mzee. Lile gurudumu langu limeonekana. Viktor hakuiba. Nilimsingizia."

"Marahaba," mzee alisema bila kusimama. "Vizuri. Nitawaambia na nyumbani."

"Sasa imenyooka," Viktor alisema, akakiweka kifungulio chini. Akachukua spana, akakaza nati ya kulia, halafu akakaza ya kushoto.