Cheti Chenye Saini Yangu

Jumanne, tarehe 19 Machi 2019, saa mbili na robo asubuhi, mvua ya rasharasha ikinyesha tangu alfajiri, Kengele aliingia maabarani kwangu bila kubisha. Alifuatana na bintiye, ambaye harusi yake ilikuwa imebakiza wiki tano.

Nilikuwa nimechoka. Miaka thelathini na moja ya kusimamia maabara humlegeza mtu magoti kabla ya macho.

Kengele, tuliyemwita hivyo kwa sababu ndiye aliyegonga kengele ya shule yetu ya bweni, aliweka vyeti viwili mezani. Cha kwanza, cha miaka mitatu iliyopita na chenye saini yangu, kilisema damu ya binti ni ya kawaida. Cha pili, cha wiki iliyopita kutoka maabara nyingine, kilisema amebeba kinasaba cha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mchumba wake naye anacho, na juu ya hilo hapakuwa na ubishi.

"Andika kwamba wamekosea," Kengele alisema. "Mtu mzima kama wewe, watoto wa juzi wakukosoe?"

"Na kama aliyekosea ni mimi?"

"Wewe? Acha utani. Mtazame huyu binti yetu, damu kumi na tatu, hata kizunguzungu hakijui. Halafu selimundu ni ya watu wa bondeni. Sisi wa milimani tuipatie wapi?"

"Kumi na tatu ni wingi wa damu, si aina yake. Mwenye kinasaba kimoja huwa mzima kama mimi na wewe. Na chenyewe hakiulizi kabila. Kilikita palipokuwa na malaria kwa kuwa humkinga mtu nayo, watu wakaoana, kikapanda mlima."

"Bibi mzaa baba alitoka bondeni," binti alisema taratibu. "Baba unajua."

"Mama yangu mwacheni apumzike."

Niliitafuta fomu ya mwaka ule. Kila fomu yetu huuliza kama mpimwaji ameongezewa damu katika miezi minne iliyopita. Mstari huo ulikuwa mtupu, na mwandiko ulikuwa wangu. Siku ile Kengele alinipigia simu. Nikampitisha binti mlango wa nyuma, watu wakiwa kwenye foleni, nikamtoa damu mwenyewe pasipo kumuuliza chochote. Mtoto wa mtu mwingine ningemhoji.

"Mwanangu, kabla ya kipimo changu uliongezewa damu?"

"Ndiyo, baba mdogo. Baada ya ajali niliyopata mwaka ule. Chupa tano, kama wiki tatu kabla ya kuja kwako."

Basi nilikuwa nimepima damu ya waliomchangia. Yake ilimezwa humo, ikaacha alama hafifu ambayo sikuiona, au niliona uvivu kuirudia.

"Kwa hiyo unavunja harusi," Kengele alisema.

"Harusi ni yao. Ila kila mimba itakuwa na nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa. Wanastahili kulijua hilo leo, si wodini."

Kengele akauliza, "Hadubini ya shule aliivunja nani?"

Niliivunja mimi, kidato cha tatu, na shule nzima ilikuwa na moja tu. Kengele alijitwika kosa, akarudishwa kwao muhula mzima, akafeli mtihani. Mimi nikaenda chuoni. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuligusa jambo hilo.

"Mimi," nikajibu.

"Basi leo nalidai deni langu. Mstari mmoja na mhuri."

Binti alikuwa akitazama sakafu. Nilichukua karatasi ya ofisi nikaandika kwamba cheti cha kwanza ni batili, kwamba sampuli ilichukuliwa wiki tatu baada ya kuongezewa damu, na kwamba kosa ni langu, si la mwingine. Nikatia saini na mhuri, nikampa binti mkononi, si baba yake.

"Kumbe hutalipa," Kengele alisema.

"Kwa namna hiyo, hapana. Sitalipa."