Ukoka wa Johnson

Eliud wa Kaagya alikuwa na ugonjwa mmoja tu: nyumba ya jirani yake Johnson. Johnson alirudi kutoka Mwanza, akafyeka kibanja chote cha mbele, migomba na mibuni, akajenga nyumba ya vioo, kisha akapanda ukoka. Ukoka, jamani! Majani yale yale ambayo marehemu baba yake Eliud aliyang'oa maisha yake yote huku akiyatukana. Na kila Krismasi, wa mjini wakirudi nyumbani, hupita kwenye migomba ya Eliud bila kugeuza shingo, kisha huenda kupiga picha kwenye ukoka wa Johnson.

"Sisi tumejificha kama fuko," Eliud alilalamika. Desemba hii akanoa panga.

"Baba Stellah, hiyo migomba aliipanda baba yako na ndiyo inayotulisha," mkewe, Serafina, alimwambia. "Au tutakula ukoka?"

"Acha na nyumba yangu ionekane barabarani!"

Usiache mbachao kwa msala upitao, tunaambiwa. Lakini roho ya kwa nini haina masikio. Eliud aliangusha mgomba, akaangusha na wa pili wenye mkungu, akarudi mlangoni kutazama kazi yake. Alichokiona kupitia lile pengo ni nyumba ya Johnson, yote, mpaka tangi la maji.

Na Johnson mwenyewe huyo anakuja, jembe begani.

"Waitu Eliud, ndugu yangu, nisaidie machipukizi ya migomba," alisema hata kabla ya kukaribishwa. "Mama ananihama. Anasema hajawahi kula ndizi za kununua akiwa kwake, na nyumba isiyo na migomba ni gesti. Ameshafunga mzigo wa kwenda kwa dada yangu kule Izimbya." Akainamisha kichwa. "Na mimi nikwambie kweli, kila jioni nikiwasikia mnacheka humu na rubisi yenu ya ndizi, nakosa usingizi kwa wivu."

"Usingizi? Wewe?" Eliud alificha panga mgongoni. Aliona aibu, tena aibu kubwa, na kicheko nacho kikamkaba.

Johnson aliona migomba iliyolala. "Hii nayo imefanywaje?"

"Upepo," alijibu Eliud.

"Upepo wa siku hizi una panga," Serafina alisema.

Basi Eliud akamkabidhi Johnson ule mkungu ampelekee mama yake kwanza, kisha wakachimba machipukizi pamoja. Chipukizi lililonona kuliko yote Eliud alikataa kulitoa. Jirani alipoondoka, alilipanda mwenyewe katikati ya lile pengo.

"Na nyumba yetu kuonekana barabarani?" Serafina alimchokoza.

Eliud alishindilia udongo kwa kisigino. "Ionwe na nani, mama? Sisi tumo ndani."