Sahani Iliyotolewa Mapema

Binti yangu alianza na jipu pajani. Likatumbuliwa, lakini halikupona. Daktari akataka usaha upelekwe maabara, vijidudu vioteshwe, ijulikane ni dawa gani inaviua. Nilimshukuru Mungu, maana mle maabara alikuwamo shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu.

"Shemeji, wewe kaa utulie," aliniambia. "Huyu si damu yetu? Majibu utayapata kabla ya watu wote."

Kweli yalikuja upesi. Dawa ya kawaida inafaa, akasema. Tukarudi nyumbani na vidonge, nami nikawa nampa kwa mkono wangu, namtazama mpaka ameze. Paja likazidi kuvimba.

Jumapili shemeji na dada yake mkubwa wakaja kumjulia hali. Wifi yangu akafunua shuka, akaguna.

"Maabara imesema dawa inafaa. Sasa wifi, unampa dawa au unampa sala?"

Nikamgeukia shemeji anisemee. Akakoroga chai yake.

"Imani nzuri, shemeji," akasema, "ila vidonge navyo humezwa."

Wakacheka. Binti yangu akasema, "Mama ananipa, jamani," lakini nani wa kumsikiliza mgonjwa mwenye homa?

Homa ilipompanda hadi akaweweseka, nilimrudisha hospitali. Daktari akasema usaha ukifika mfupani, mguu utakatwa. Akachukua kipimo kingine. Majibu yalipotoka alimwita shemeji pale pale kitandani.

"Hivi vijidudu ni sugu. Kile kipimo cha kwanza ulikisomaje?"

Shemeji akaeleza huku akitazama sakafu. Vijidudu vya namna hii huchelewa kujionyesha, kwa hiyo sahani ya kuoteshea hulazwa kabatini kwenye joto siku nzima, usiku na mchana. Yeye aliitoa mapema.

"Shemeji alikuwa anasubiri. Nilitaka kumsaidia."

"Hukuitazama tena?"

"Kesho yake niliitazama. Vilikuwa vimeota mpaka kwenye kikaratasi chenye dawa, yaani dawa haikuviua."

Kesho yake! Basi Jumapili ile, akikoroga chai yangu, alikuwa anajua.

Dawa ikabadilishwa, ikawa ya kutundikiwa mshipani. Nilikesha nikiomba. Uvimbe ukaanza kunywea, na daktari akaniambia mguu umepona kisu.

Shemeji akanifuata kwenye korido. "Yaishe, shemeji. Ile haraka ilikuwa ya mapenzi tu."

"Ile haraka nimekusamehe," nikamwambia. "Kicheko je?"

Wifi akatokea, akanipita bila salamu, akamuuliza muuguzi, "Leo mgonjwa amepewa dawa kweli?"

Shemeji akatoa simu mfukoni, akajifanya anasoma.

Nikamvutia wifi kiti.

"Kaa, wifi. Mdogo wako ana maneno." Nikamgeukia. "Haya, shemeji. Anzia kwenye sahani."