Saa Iliyotengenezwa Ikiwa Nzima

Fundi saa alikuwa na ugonjwa mmoja uliowashinda madaktari: hakuweza kuona saa imekosea akanyamaza. Benki, hospitalini, hata msibani, jicho lake lilikwenda ukutani kwanza, ndipo akasalimia watu. Wanawe walikua wakijua kwamba jua likichelewa, kosa ni la jua.

Siku ya tisa ya hija, alfajiri, ugonjwa ulimpanda tena. Yeye na mkewe walikuwa wamelala katika nyumba ya wageni ya mwisho kabla ya mpaka. Njia ya mahujaji, iliyofuata bahari tangu siku ya kwanza, hapo ilikatwa na ghuba, na ng'ambo ya ghuba ilikuwa nchi nyingine. Maji yakipwa, watu huvuka mchangani kwa miguu, mwendo wa saa nzima, wakifuata nguzo nyeupe. Yakijaa, havuki mtu. Ukutani sebuleni palibandikwa karatasi: leo mwisho wa kuingia mchangani ni saa tatu asubuhi. Juu ya karatasi ilitundikwa saa. Fundi akaitazama, akatazama ya mkononi mwake. Ya ukutani ilikuwa mbele kwa saa moja kamili.

"Maskini," alisema, akavuta kiti, akapanda, akairudisha nyuma na kuifuta vumbi.

"Baba watoto, si yako hiyo," mkewe alisema huku akijifunga kitambaa kisiginoni. "Pilipili usiyoila yakuwashiani?"

"Saa mbovu hapa itaua mtu."

Nadhiri ilikuwa ya mkewe. Fundi alipofanyiwa upasuaji wa macho, mama huyu aliapa kwamba mumewe akiona tena, yeye mke atatembea njia nzima kwa miguu yake, bila kupanda hata baiskeli. Akaona tena. Sasa kisigino cha mama kilikuwa kimechubuka hadi nyama. Wakakubaliana fundi atangulie kushika foleni ya uhamiaji, ambayo ilisifika kwa urefu, na mkewe apumzishe mguu, aingie mchangani saa tatu kasoro dakika kumi. Simu yao moja akaichukua fundi.

Alivuka mchanga mkavu akipiga mluzi, akajipanga. Alipofika dirishani, mbele ya afisa wa uhamiaji, mwanamke mnene wa sauti ya upole, jicho lilikwenda ukutani. Saa yake ilisema saa tatu kasoro dakika ishirini. Ya ukutani ilisema saa nne kasoro dakika ishirini.

"Saa yenu nayo imekimbia," alisema akicheka.

"Haijakimbia, mzee. Umevuka mpaka. Huku tunatangulia kwa saa moja."

Kicheko kikamkaukia. "Na ile ya nyumba ya wageni?"

"Ile iko kwenu, ila inafuata saa ya kwetu, maana karatasi ya maji inatoka huku. Mama mwenye nyumba huwahi sokoni alfajiri, kwa hiyo saa ndiyo inayowaaga wageni wake. Vipi, mzee?"

Fundi alieleza, maneno yakimtoka vipande vipande. Afisa akapiga simu kwenye nyumba ya wageni. Ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga bandarini kuomba boti ya uokoaji. Wakamwambia nusu saa, labda zaidi. Alipoinua kichwa, dirishani hapakuwa na mtu.

"Mzee! Usirudi huko!"

Fundi alikuwa ameshashuka mchangani. Ule mchanga mkavu wa asubuhi ulikuwa umeanza kung'aa. Maji yalipita katikati ya matuta yake kimyakimya, bila wimbi, bila povu, na kimya hicho ndicho kilichomtia hofu zaidi. Alikimbia nguzo hadi nguzo. Yakamfika vifundoni, yakamfika magotini. Aliogopa kufa, na aliogopa zaidi kufika asikute mtu. Majuto ni mjukuu, walisema wazee, lakini wake hakungoja hata mchana.

Katikati ya ghuba kilikuwapo kichanja cha mbao juu ya miguu mirefu, kwa ajili ya waliokwama. Na pale, kwenye ngazi ya chini kabisa, mkewe alikuwa ameketi, kiatu mkononi, akijisugua kisigino.

"Panda!" fundi alipiga kelele. "Panda juu!"

Upepo ulimpokonya sauti. Mkewe akamwona, akatabasamu, akampungia kiatu.

Baina yao palikuwa na mkondo. Fundi aliuingia ukamfika kiunoni, ukamsukuma, akameza chumvi, akashika nguzo ya kichanja kwa kucha. Hakusalimia. Alimsukuma mkewe ngazi hadi ngazi, akapanda nyuma yake, wakaanguka juu ya mbao. Chini yao ngazi ya kwanza ilikuwa imeshazama.

"Khaa! Tumekimbilia nini?" mkewe alihema. "Niliyaona maji yanakuja, nikataka kurudi. Halafu nikajicheka. Nikasema haiwezekani, saa ile kaitengeneza mume wangu mwenyewe. Muda upo."

Fundi alitazama upande wa bandari. Hapakuwa na boti. Ngazi ya pili ikazama, na ya tatu ikaanza kulowa.

"Baba watoto, sasa hivi saa ngapi?"

Katika miaka thelathini na moja ya ndoa, swali hilo halijawahi kukosa jibu, hata gizani. Saa ilikuwa mkononi mwake, haikuingia tone, mishale yake ikienda bila wasiwasi wowote. Aliifunika kwa kiganja.

"Sijui," alisema.

Mkewe akageuka kumtazama usoni, na hapo ndipo naye alipoogopa.